Risala ya Wanafunzi wa Zamani wa Miaka ya 70 kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wote,
Wazazi, wanafunzi, na ninyi wazee wenzangu mnaotembelea fimbo leo ilhali ukuta ule pale mliuruka usiku,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi ya kukubali, kwa kufika. Tunalisema hili kwa uzito wake, kwa sababu kamati hii imewahi kupika pilau ya mgeni rasmi ikaliwa na wenyeji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya shule hii ni fupi. Ilianza na madarasa mawili na mwembe mmoja. Mwembe bado upo. Sisi tuliosoma hapa kuanzia 1973 hadi 1976 tuliletwa na treni ya Reli ya Kati kwa waranti ya serikali, kila mmoja na tranka lake la bati. Aliyetoka Bukoba alipanda meli ya MV Victoria hadi Mwanza, ndipo akashika treni kupitia Tabora. Aliyetoka Lindi alianza na basi hadi Dar es Salaam, na mvua ikikata barabara ya Rufiji alitukuta tumeshafika ukurasa wa 30 wa hesabu. Serikali ilitutawanya makusudi tupate kujuana, na kweli tulijuana. Katika bweni moja tranka la juu lilinukia senene na la chini lilinukia korosho, na yote mawili yalivunjwa kufuli kwa haki sawa.

Kwa upande wa michezo na taaluma, shule yetu ilitikisa wilaya nzima. Katika mpira wa wavu tulishika nafasi ya pili kati ya timu zote zilizocheza fainali. Katika mdahalo tuliwashinda vijana wa seminari ya jirani, tukitetea kwamba jembe ni bora kuliko kalamu, na msemaji wetu mkuu alikuwa kijana aliyejificha jikoni kila siku ya shamba. Na riadha ndiyo usiseme. Mwezi Februari 1974 redio ilipotangaza kuwa Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kwamba aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kila mvulana wa shule hii aliamua naye ataongoza tangu mwanzo. Mashindano ya mabweni ya mwaka ule yalianza na wakimbiaji 18 wote wakiwa mbele. Mzunguko wa tatu walibaki wanne. Mshindi alikuwa mpishi msaidizi, aliyeingia uwanjani kumfukuza mbuzi.

Tuliamshwa saa 11 alfajiri kwa kipande cha reli kilichogongwa na kiranja wa zamu, tukaenda mchakamchaka hadi stesheni na kurudi. Jioni tulijisomea kwa karabai. Jumamosi ya kufunga muhula palikuwa na dansi, santuri za Tabora Jazz zikizunguka, na wenye suruali za bugaluu wakifagia sakafu bila kutumwa.

Sakafu hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndiyo iliyotuleta hapa leo.

Dansi ile, mdahalo ule, maigizo, mikutano ya Umoja wa Vijana wa TANU, mitihani, uji wa asubuhi na ugali wa mchana, vyote vilifanyika ndani ya jengo moja, yaani bwalo. Na bwalo lile hatukujengewa. Mwaka ule wa 1974 ulikuwa wa njaa. Tulikula ugali wa unga wa njano kutoka ng'ambo, tukauita yanga, na hata mashabiki wa Simba waliula. Azimio la Musoma lilipotoka mwezi Novemba, likisisitiza kazi iende pamoja na masomo, mwalimu mkuu wetu hakusubiri waraka. Alituita mstarini akasema shule inayokula chini ya mti itajenga bwalo, na mafundi ndio sisi.

Kila mwanafunzi alipangiwa kufyatua matofali 100 kwa muhula. Wasichana walibeba maji kwa ndoo kutoka korongoni, wavulana walikanyaga udongo, na tanuru lilipowashwa tulikesha zamu tukilisha magogo. Mabati yalikuja kwa behewa la mizigo, tukayabeba vichwani kutoka stesheni, wawili wawili, upepo ukitupeleka unakotaka. Ukipita ukuta wa upande wa jikoni, Mheshimiwa, inama kidogo. Mstari wa sita kutoka chini utaona matofali yaliyochorwa majina kwa msumari kabla hayajakauka. Jina langu lipo, limekosewa herufi moja, kwa sababu kiranja alikuwa anakuja. Wawili kati ya wenye majina yale tumewazika mwaka huu.

Paa la bwalo hilo liling'olewa na upepo miaka 11 iliyopita, usiku, likaangukia shamba la mihogo. Tunamshukuru Mungu hakuumia mtu. Tangu usiku ule wanafunzi wanakula wamechuchumaa chini ya mwembe, sahani mapajani. Mvua ikinyesha wanakula madarasani, juu ya madawati, ndiyo maana daftari za kidato cha pili zina harufu ya maharage na panya wa shule hii wamenenepa kuliko wanafunzi. Mdahalo haupo. Maigizo hayapo. Vijana hawa wanasoma miaka minne, wanaondoka, na hawajawahi kukaa wote pamoja chini ya paa moja hata siku moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungependa ieleweke kwamba viongozi wetu hawajatutupa. Tumewahi kutembelewa. Mgeni rasmi wa kwanza baada ya paa kuondoka alisikitika sana, akaahidi mabati 200, tukampigia makofi, akina mama wakamvisha kitenge. Kitenge kilifika kwake siku hiyohiyo. Mgeni rasmi wa pili alikuja na jiwe la msingi la ukarabati. Aliliweka vizuri, likafunuliwa, picha zikapigwa. Jiwe lipo hadi leo, upande wa kushoto wa mlango, na tunakiri kuwa ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika kwa asilimia 100. Mbuzi hulitumia kujikunia.

Mgeni rasmi wa tatu ndiye aliyetufunza kuandika risala. Kwake tuliomba mambo matatu, yaani bwalo, jezi na mipira. Alisimama akasema amelipokea lote na atalifanyia kazi. Baada ya miezi minne tulipokea mipira miwili. Tuliandika barua ya kushukuru. Tukaandika nyingine ya kukumbusha, na nyingine ya kukumbusha ile ya kukumbusha, na nakala zote ninazo kwenye faili hili mkononi. Majibu ni yaleyale: suala liko kwenye mchakato.

Kwa hiyo leo, kwa heshima zote, tumeamua kukuomba jambo moja tu. Shule ina upungufu wa maji, wa vitabu na wa walimu wa fizikia, na Mkuu wa Shule angependa tuvitaje. Tumemsihi atuvumilie. Tukivitaja vingi tutapewa kilicho chepesi.

Tunaomba paa la bwalo. Kuta zetu za mwaka 1975 ni nzima, fundi amezipima na kuzigonga, anasema zinahitaji mkanda mpya wa zege juu na basi. Sisi wanafunzi wa zamani, wengi wetu wastaafu, tumechanga fedha za nondo, za ufundi na za mifuko 60 ya saruji. Saruji hiyo imo stoo. Tulidhani tukitangulia kununua wengine wataona aibu kuchelewa. Mheshimiwa, saruji haijui itifaki: mifuko 15 imeshaganda ikisubiri, imekuwa mawe yenye umbo la mfuko, na mlinzi ameifanya viti. Iliyobaki, fundi anasema, haivuki masika.

Kinachopungua ni mabati 240 ya geji 28, mbao za kenchi na papi, pamoja na misumari. Makisio ya gharama yamechapwa, yana muhuri, na yamo kwenye bahasha iliyo mbele yako, chini ya glasi ya maji. Nakala ya pili amepewa dereva wako, maana bahasha za mezani huwa zinasahaulika.

Hatuombi ahadi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ahadi tunazo, tena za kutosha kuezekea bwalo na kubakiza za vyoo. Tunaomba utaje tarehe. Ikiwa jambo hili liko nje ya uwezo wako, tunakuomba utuambie hivyo hapahapa, mbele ya watoto, na tutakupigia makofi yaleyale, kisha tutatafuta njia nyingine kabla mifuko 45 haijafuata mifuko 15. Jibu la hapana hatujawahi kulipata, na tunaamini lingetusaidia zaidi ya mchakato.

Zawadi yako ipo. Akina mama wameifunga vizuri, na itatolewa baada ya hotuba yako, kwa mujibu wa ratiba mpya.

Mwisho, Mheshimiwa, ratiba inaonyesha chakula cha mchana ni saa 7. Kamati imekiandaa ndani ya bwalo. Meza kuu iko katikati, juu ya sakafu ileile tuliyochezea dansi, na kiti chako kimeelekezwa ukuta wa jikoni ili uyaone majina. Jua la saa hiyo linaingia lote. Upande wa Tabora mawingu yameanza kujikusanya tangu asubuhi, na miavuli tuliyonayo ni mitatu, ipo kwa mweka hazina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Maandalizi, kwa niaba ya Wanafunzi wa Zamani