Picha za safari hazihitaji mbio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala ya Jumapili iliyopita, iliyowashauri wanaoanza kupiga picha za safari. Mwandishi aliwapangia vituo kumi na viwili kwa siku mbili, kila kituo na dakika zake, na lenzi tatu begani. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Wikendi ya mapumziko naipata kwa nadra, na kwa miaka mitatu nilizitumia hivyohivyo alivyoshauri. Nilikuwa narudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka, kadi ina picha mia saba, na wenzangu wakiniuliza ni ipi ninayoipenda, sina jibu.

Nimeacha mwendo huo. Mwezi uliopita nilikwenda kijiji kimoja cha kando ya ziwa, nikakaa siku mbili palepale, na lenzi moja tu ya milimita 50. Nikajiwekea sharti: picha 36 kwa safari nzima, kama zilivyokuwa kwenye mkanda mmoja wa filamu. Saa ya kwanza sikupiga hata moja. Nilikaa gatini nikitazama mwanga.

Palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Jua lilipokuwa bado nyuma ya kilima, kamba ile ilikuwa ya kijivu, kitu cha kurukwa na macho. Jua lilipochomoza likaipiga ubavuni, na kila uzi ukapata kivuli chake. Hata matone ya umande yaliyoning'inia kwenye nyuzi zilizokatika yakaonekana moja moja. Haikupita saa nzima, jua likapanda, vivuli vikafupika, kamba ikawa kama mwanzo. Mtu mwenye robo saa tu angekuta nusu ya hayo. Mimi niliondoka nikijua kesho nirudi saa ngapi na nisimame upande gani.

Mashua nyeupe iliyokuwa karibu na hapo nayo ilinifunza. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Ukikielekeza kwenye kitu cheupe, kinapunguza mwanga, na weupe unatoka kama shuka lililofuliwa kwa maji ya tope. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa stopu moja, yaani kuuzidisha mara mbili, pengine stopu moja na nusu. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara nyingi. Siku ile ndipo lilipoingia, kwa sababu mashua haikwenda popote wala mimi sikuwa na pa kuwahi: nikapiga, nikatazama, nikarekebisha, nikapiga tena. Picha nne ziliishia kwenye mashua hiyo na sizijutii.

Wapenda picha wanaifahamu ile aliyoipiga Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, mjini Paris mwaka 1838, inayoonyesha barabara ya Boulevard du Temple. Sahani yake ya chuma, iliyofanya kazi ya filamu, ilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, hivyo magari ya farasi na wapita njia hawakuacha hata alama. Aliyebaki akionekana wazi ni mtu aliyesimama kusafishiwa viatu, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha. Kamera zetu hunasa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa hiyo waliomo kwenye picha hawalazimiki tena kutulia. Anayeishika kamera bado analazimika.

Lililoniumiza zaidi katika makala yenu ni ushauri wa kuwapiga watu wasipojua, "ili wabaki katika hali yao". Kazini kwangu simfunui mgonjwa shuka kabla sijamsemesha. Sioni kwa nini nikiwa mapumzikoni nimfanyie mtu mzima kinyume cha hivyo kwa kuwa tu nimeshika kamera. Mbali na heshima, hata kwa picha yenyewe ni hasara. Asubuhi ya pili nilimkuta mzee mmoja anashona wavu chini ya ile nguzo. Nikamwamkia, nikakaa, tukazungumza habari za upepo. Baadaye nikamwambia, "Mzee, naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akanijibu bila kuinua uso: "Piga, binti yangu, lakini ngoja nimalize fundo hili. Likiwa nusu, atakayeiona atasema sijui kazi."

Nikangoja. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo myeupe ya uzi, na kidole gumba kilibana kitanzi huku mkono wa kulia ukivuta. Niliweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kuwa 1/250 ya sekunde ili mkono usitoke na ukungu. Alipokaza fundo, alinyanyua kichwa na kuniitikia, nami nikapiga mara moja tu. Alitaka kuiona. Hakutazama uso wake hata kidogo, aliweka ncha ya kidole kwenye kioo, juu ya fundo, akasema, "Hili limekaa."

Mhariri, mkichapisha tena mwongozo wa namna hii, wakumbukeni wasomaji wenye siku mbili tu na miili iliyochoka. Wapeni kitu kimoja cha kukitazama asubuhi na jioni, waambieni wabebe lenzi moja na daftari la kuandika saa na upande mwanga ulikotoka, na mwondoe ule ushauri wa kuviziana. Ikiwezekana, fungueni kona ya picha za wasomaji, kila picha na maelezo ya namna ilivyopatikana.

Naanza mimi. Nimeambatanisha picha ya mzee yule, kwa ridhaa yake. Ni ya 22 kati ya zile 36, na ilipigwa saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, jua likitoka kushoto. Mkikosa nafasi ya kuichapa yote, kateni uso, mwache mikono na fundo. Mwenyewe ndivyo alivyopenda.

Muuguzi, msomaji wenu wa miaka mingi