Bado nabishana nawe kuhusu jazi

Cheyo, Tabora
Jumapili usiku

Swahiba,

Salaam nyingi kwako na kwa mama watoto. Sisi wazima, maembe yameanza kudondoka yenyewe. Naandika kabla hamu haijapoa, maana ubishi wetu wa stesheni, siku ile treni ilipochelewa, haujanitoka.

Ulisema jazi ni gitaa. Sikulaumu. Mtu wa Kigoma aliyekulia na habari za Lake Tanganyika Jazz, kisha akaona mwanamuziki wenu Shem Karenga anahamia huku Tabora Jazz, atasema nini tena? Hata kwetu neno lenyewe lilikuwa jina la bendi tu: solo, ridhimu, besi, na watu wanacheza mpaka alfajiri.

Sasa juzi mpwa wangu kaniletea filamu kwenye flashi, If Beale Street Could Talk, ya mwaka 2018. Mwongozaji ni Barry Jenkins, hadithi ni ya riwaya ya James Baldwin. Vijana wawili wa Harlem, kule New York, wanapendana, mwanamume anasingiziwa kesi na kufungwa, binti ana mimba yake. Mengine utajionea. Mimi nimeshikwa na muziki wa Nicholas Britell.

Inasemekana Jenkins alianza kwa kumwambia anasikia tarumbeta na ndugu zake wa shaba. Britell akatunga hivyo, wakaweka kwenye picha, wakaona kuna kitu kinapungua. Zilikuwa nyuzi: fidla na chelo, lile fidla kubwa la sauti nzito. Basi zisikilize zikiwa pamoja! Tarumbeta hailii kama ya gwaride, inapumua. Zile sauti za jazi zinazosuguana, ambazo mwalimu wetu wa kwaya angesimamisha wimbo na kuuliza nani kakosea, chelo zinazishikilia polepole hadi unazizoea. Zikiondoka unazitamani.

Kuna mahali rafiki wa yule kijana, aliyetoka jela, anasimulia yaliyompata. Chumbani inalia santuri ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, wimbo Blue in Green, wa mwaka 1959. Mara chini yake unaingia mngurumo. Nikajua sabufa imepasuka, nikainuka kuipigapiga. Mpwa akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ni chelo zilezile za pale wapenzi walipokuwa pamoja, Britell kazipinda na kuzichafua kusudi. Nikakaa, sikutia neno tena.

Halafu fikiria filamu zetu nyingi. Kinanda kinaanza na majina na hakipumziki: mtu akifiwa kinalia, akinywa chai kinalia. Na si kwamba hatuna watu. Fidla na chelo taarabu ya Unguja inazo siku zote, na huku bara kuna wazee wa dansi ambao saksafoni zao ziko chini ya kitanda. Natamani niwaone wamekaa chumba kimoja, picha iko ukutani mbele yao.

Sijasema umeshindwa, usianze. Ila lile tarumbeta lako la kanisani bado unalo, au vali zimeganda? Mpwa anatengeneza filamu fupi ya dakika kumi na anataka mpigaji. Nimeshamwambia ninaye. Ukija uje nalo, sabufa nitaazima nzima.

Mama anakuagiza dagaa kilo mbili, wasiwe na mchanga kama wa safari ile. Asali yako nimeshaifunga.

Mwenzio wa Cheyo