Risala ya Klabu ya Waandishi wa Skripti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Rod Serling

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, wageni waalikwa na wanaklabu wenzangu, habari za mchana.

Kwanza asante kwa kuja, tunajua ratiba imebana. Leo tunamkumbuka Rod Serling na najua kuna mtu humu anajiuliza kwani huyo ni nani, ni yule Mmarekani wa suti nyeusi, sigara mkononi, anayetokea kwenye The Twilight Zone, kipindi cha TV cha stori za maajabu, kukutambulishia stori. Kituo cha TV cha CBS walianza kuirusha 1959 ikaisha 1964, episodi 156, na 92 kaandika yeye, wakati sisi hapa skripti moja tu inatutoa roho.

Ila Mgeni Rasmi, kwa nini alikimbilia stori za maajabu? 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi na mahakama ikawaachia waliomuua. Serling alikuwa tayari ana jina kwenye TV, akaandika tamthilia kutokana na kisa hicho, wadhamini wakaogopa kuwaudhi watu wa Kusini mwa Marekani, iliko Mississippi, wakaikatakata, aliyeuawa akabadilishwa, mji ukahamishiwa New England, kaskazini-mashariki kabisa, mpaka chupa za Coca-Cola zikaondolewa eti zinakumbusha Kusini. Chupa jamani! Ilipotoka 1956 haikuwa na meno tena.

Ndo akashtukia kwamba mambo mtu wa kawaida akiyasema anakatwa, kiumbe wa Mars akiyasema yanapita. Angalia The Monsters Are Due on Maple Street ya 1960, umeme unakatika, majirani wanaanza kushukiana, mtu anapigwa risasi, kumbe wageni wa sayari nyingine wako kilimani wanatazama tu. Episodi zingine zinahubiri mno, tusidanganyane, lakini hii bado inauma.

Alifariki 1975 akiwa na miaka 50 tu. Kipindi kimefufuliwa 1985, 2002 na 2019, na kwetu sisi hakuna kilichoifikia ile ya zamani isiyo na rangi.

Changamoto yetu ni kwamba wengi hatujawahi kushika skripti halisi, tunajifunza kwa kutazama tu. Tunaomba utusaidie kupata vitabu vya skripti zake, pia usome hizo tatu za kwetu zilizopo mezani kwako. Zimejaa majini na maroboti, ila ukisoma taratibu utajua tunamsema nani.

Tunaomba kuwasilisha.