Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: habari za von Lettow hazikuishia 1918

Mheshimiwa Waziri,

Natanguliza salamu na heshima. Ninafundisha Historia hapa Tanga. Kila nikifika Novemba 1914 darasa huchangamka: Waingereza na askari wao kutoka India wanashuka Ras Kazone, nyuki wanawavamia, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, anashinda kwa jeshi dogo. Wanafunzi humpenda, ingawa mimi huwakumbusha wapagazi wetu waliokufa njiani kwa njaa na maradhi. Tunamfuata porini miaka minne, hadi anaposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918. Kisha tunafunga daftari.

Mheshimiwa, ninakuomba tusilifunge hapo.

Tarehe 13 Machi 1920, kikosi cha wanajeshi waasi cha Hermann Ehrhardt kiliingia Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kuipindua serikali, wengi wakiwa wamechora swastika (alama ambayo baadaye ikawa ya chama cha Hitler) kwenye kofia zao za chuma. Kiongozi wa uasi, Wolfgang Kapp, akajitangaza kansela, yaani mkuu wa serikali. Wakuu wa jeshi walikataa kuwapiga waasi, na serikali halali ikakimbilia Dresden, kisha Stuttgart. Kule Schwerin, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, jenerali aliyesimama upande wa Kapp alikuwa huyu huyu wa Tanga.

Waasi hawakuangushwa kwa bunduki. Mgomo uliitishwa nchi nzima, mamilioni wakaacha kazi. Treni zilisimama, maji, gesi na umeme vikakatika Berlin. Watumishi wa wizara hawakutii amri za Kapp, na Benki Kuu ikakataa kumpa fedha. Mji mkuu ulikuwa mikononi mwake, lakini hakuna aliyemtii! Tarehe 17 alijiuzulu, na baadaye akatorokea Sweden.

Von Lettow aliondolewa jeshini. Lakini kati ya vinara wa uasi aliyefungwa ni Traugott von Jagow, waziri wa mambo ya ndani wa Kapp, peke yake, na jambo hilo huniumiza kila nikilisoma, kwa sababu Novemba 1923 Hitler naye alijaribu kupindua serikali, mjini Munich.

Sasa kwa kuwa Historia ya Tanzania na Maadili imepewa uzito katika mtaala mpya, naomba iongezwe aya moja tu baada ya Abercorn. Mwaka jana mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Mwalimu, baada ya vita alifanya nini?" Nilimpa karatasi niliyoandika kwa mkono. Ningependa wadogo zake walikute jibu hilo kitabuni.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia, Tanga