Mkono ulioshonwa usiachwe bila mazoezi

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Kioo kilinikata kifundo cha mkono, mshipa wa fahamu ukakatika. Ulishonwa vizuri, lakini nikaruhusiwa bila neno lolote kuhusu mazoezi. Baada ya miezi miwili vidole vilikuwa vimekakamaa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenieleza kwamba mshipa huota polepole, takriban milimita 1 kwa siku, na viungo vinapaswa kunyooshwa wakati ukisubiriwa. Akanitengenezea banzi, kifaa cha kushikilia mkono. Ili mkono ujifunze tena kuhisi, akaniagiza nifumbe macho, nitafute vifungo vya shati ndani ya bakuli la mchele. Siku kidole gumba kilipokitambua kimoja, nililia.

Madaktari wetu, nawaombeni: mgonjwa wa namna hii asitoke wodini bila barua ya kwenda mazoezini.

Fundi cherehani,
Tanga