Barua kwa mwanangu: mstari wa kadi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Hujambo? Maadamu umepangiwa kliniki ya watoto, nakuandikia juu ya ile kadi ya uzito wa mtoto ambayo akina mama huja nayo imefungwa kwenye pindo la kanga. Chimbuko lake ni kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyoianza mwaka 1956 huko Nigeria, katika kijiji cha Imesi-Ile. Surua, kuharisha na utapiamlo vilikuwa vikiwamaliza watoto wadogo. Akawafungulia kliniki walio chini ya miaka 5, akatengeneza kadi ya uzito, na kadi yenyewe akamwachia mama, isifungiwe kabatini hospitalini. Mimi naona hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Ukiishika, nukta moja, yaani uzito wa mwezi mmoja, isikudanganye. Tazama mstari unaoziunganisha nukta unaelekea wapi. Binti wa miezi 7 mwenye kilo 7.5, akifika miezi 9 na kilo zilezile, bado yumo ndani ya njia, ile nafasi kati ya mistari iliyochapwa kwenye kadi, lakini huyo ndiye wa kumhangaikia. Mwenzake aliyetoka 6.0 akaja 6.3, kisha 6.6, ni mdogo, ila anapanda. Ajabu, anayekemewa kliniki huwa mama wa huyu wa pili!

Makosa huanzia mzanini. Ning'iniza kwenye mzani ile kaptura ya kupimia mtoto ikiwa tupu, rudisha mshale kwenye sifuri, mtoto avuliwe nguo na nepi, atulie, ndipo usome mshale ukiwa usawa wa macho yako. Nepi iliyolowa yaweza kuficha upungufu wa mwezi mzima. Mwezi wa kuzaliwa ukiukosea, nukta zote zimehama. Asipoletwa mwezi mmoja, nafasi yake iache wazi. Kisha uliza: ameharisha? Alipata homa? Uji una nini zaidi ya unga wa mahindi, karanga au dagaa vimo? Bila maswali hayo umemchosha mama foleni bure.

Morley baadaye alikuwa profesa London, na mwaka 1965 akaanzisha TALC, shirika la kusambaza vitabu na slaidi za kufundishia kwa bei ndogo. Alifariki mwaka 2009.

Asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, ning'iniza mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa. Mshale usipogusa 5, mzani huo uweke kando, uazime mwingine.

Mama yako