Njaa ya Somalia si ya dini

Mhariri,

Jumamosi nilikuwa soko la Kibuye nikipimiwa omena. Redio ya muuzaji ilikuwa ikitangaza habari za Sudan. Mzee mmoja akautazama ushungi wangu, akaniuliza, “Mama, mbona nchi zenu za Waislamu zote ni njaa tu?” Hakuuliza kwa ubaya, lakini swali hilo nimelisikia hata limenichosha. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Manyatta, Kisumu, na kupima watoto waliokonda ndiyo kazi yangu. Naomba nafasi nimjibu.

Kipimo cha njaa duniani cha mwaka 2024 huhesabu hivi: alama zikipanda, njaa imezidi. Somalia ilipata 44.1 na Yemeni 41.2, zikashika mkia. Uturuki na Uzbekistani hazikufika hata 5. Hizo zote ni nchi za Waislamu na zinaelekea kibla kimoja. Yemeni huagiza karibu ngano yake yote kutoka nje, na imo vitani tangu 2014. Sudan nayo bunduki zilianza kulia Aprili 2023, na Agosti 2024 baa la njaa likathibitishwa katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam. Wakulima waliokimbia mashamba yao watavuna nini?

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Bangladesh na Pakistani. Hadi 1971 zilikuwa nchi moja. Bangladesh ilijitenga kwa vita, na 1974 ikapigwa na njaa kubwa. Katika kipimo kile cha njaa cha 2024 ilipata alama 19.4, Pakistani 27.9. Kiko pia kipimo cha maendeleo ya binadamu, kinachoangalia umri wa kuishi, elimu na kipato, na hiki alama zikipanda ndiyo nafuu (aliyeongoza kukibuni, 1990, ni Mpakistani, Mahbub ul Haq). Kwa takwimu za 2022, Bangladesh ilikuwa na 0.670 na Pakistani 0.540. Na Kenya yetu, yenye Wakristo wengi? Njaa 25.0, maendeleo 0.601. Katika vipimo vyote viwili tumekaa katikati ya nchi mbili za Waislamu. Kama dini ndiyo sababu, tumefikaje hapo?

Yaliyoinua Bangladesh ni mengi. Nitataja moja ninalolijua kwa mikono yangu. Kuanzia 1980, wanawake wa BRAC, shirika la maendeleo la huko Bangladesh, walipita nyumba kwa nyumba vijijini wakiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kumwokoa mtoto anayeharisha: chumvi ya kufinya kwa vidole vitatu, konzi ya sukari nguru kama hii inayopikwa kwenye miwa yetu ya magharibi, na maji kiasi cha nusu lita. Malipo ya mwalimu yalitegemea kile ambacho mama bado anakumbuka msimamizi anaporudi kumuuliza. Miaka ya 1990 serikali ikaanza kuwalipa posho wasichana wa vijijini ili wabaki sekondari. Wengi waliofanya hayo ni Waislamu, wakiwafanyia Waislamu wenzao. Basi nasi Waislamu tuseme wazi kwamba kuwafungia wasichana wa Afghanistan milango ya sekondari, tangu 2021, ni dhuluma, na watoto watakaozaliwa na wasichana hao ndio watakaoilipia.

Mwezi uliopita, mitaa miwili kutoka kwangu, nilimzungushia mkononi utepe wa kupimia utapiamlo mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Ukasimama kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali, chini ya sentimita 11.5. Unga ulikuwamo nyumbani, na mboga pia. Lakini mtoto alikuwa ameharisha wiki mbili mfululizo, kila anachokula kinatoka. Maji yao ni ya kisima, na kutoka kisimani hadi chooni nilihesabu hatua kumi na moja. Jamaa hao hawakosi kanisani Jumapili, na sikuona mtu akiwauliza kama dini yao ndiyo iliyomkondesha mtoto.

Nilikaa na mama yake nikamwonyesha kuchemsha maji na kuchanganya chumvi na sukari kwa kijiko, kisha tukaenda zahanati, akapewa chakula cha tiba cha karanga.

Mzee wa Kibuye akisoma barua hii, ajue kwamba jana nilirudi kwa mtoto yule. Utepe umefika manjano.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Manyatta, Kisumu